Kipono Aliyemrukia Mama Mkwe

Ndugu zangu, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na nilikuwa nimevaa kanzu na koti juu yake.

Naandika haya nikiwa kibarazani kwangu, hapa Kibaha. Ndani sitaki kuingia. Ndani kuna mashahidi wawili. Ni samaki, sawa, lakini wameona kila kitu.

Mnanijua. Asiyenijua aulize mwenye matofali, ataletwa mpaka getini. Shule niliishia darasa la tano, tena katikati. Lakini nyumba nne nimejenga bila mchoro wa mtu yeyote na zote zimesimama mpaka leo. (Moja imeinama kidogo. Imesimama.) Msomi gani hapa mjini ana nyumba nne?

Shida yangu ni kwamba hiyo kubwa ninayoishi haina mtu. Mke wangu, Mama Salma, ana miezi saba yuko kwao Masaki. Watu wakisikia Masaki wanadhani ni ile ya Dar, nimempangishia ghorofa jirani na mabalozi. Hapana, ni Masaki ya Kisarawe, ya muhogo na korosho. Alikwenda kumuuguza mama yake mguu. Alisema wiki mbili. Mguu ukapona, mama mkwe akarudi shambani kupalilia, na mke wangu bado anauguza. Nikipiga simu naambiwa unavuta kidogo nyakati za baridi.

Najua siyo mguu. Siku anaondoka, akiwa anafunga begi, aliniambia, "Baba Salma, humu ndani nimekuwa kama saa ya ukutani. Unanitazama ukitaka kujua kama umechelewa."

Nikamjibu kwamba kama tatizo ni saa, nitanunua nyingine kubwa zaidi.

(Ndiyo. Hilo ndilo jibu nililotoa. Mtu mzima, mwenye nyumba nne.)

Miezi saba si mchezo. Kitana chake kiko dirishani pale pale alipokiacha. Foronya ya mto wake niliifua mara moja tu, nikajuta, maana ilikuwa inanukia udi wake na sasa inanukia sabuni ya unga. Chai najipikia, na kila siku inatoka vikombe viwili, mkono haujajua kupima cha mtu mmoja. Kikigongwa kitu getini natoka mbio, nikifika nakuta mtu anauliza kama nauza na kokoto. Nimewahi kumjibu mmoja vibaya mpaka akaniomba radhi yeye.

Ndipo nikaingia kwenye samaki. Siyo perege wa bwawani, hao kila mtu anao. Nasema samaki wa maji ya chumvi, wa rangi, wanaoishi kwenye matumbawe, ndani ya tangi la kioo sebuleni. Kwa nini samaki, nilikuwa sijamwambia mtu, na mke wangu mwenyewe nimemwambia leo tu, tena baada ya aibu. Tutafika.

Tangi lenyewe si kubwa, urefu wake ni kama kitanda cha mtoto mchanga. Lakini lina taa yake, lina pampu, lina mchanga mweupe na mawe, na maji yake natoa Bagamoyo na madumu, kila baada ya wiki mbili. (Si chumvi ya jikoni, kabla hujauliza. Niliuliza mimi, nikachekwa.) Fundi wangu ni dada mmoja wa Dar anaitwa Rehema, anauza samaki hawa na anawajua kama mkunga anavyojua watoto.

Mwezi wa tatu uliopita Rehema aliniuzia mmoja, mdogo kama kidole changu cha kati, mwekundu wa pilipili, tumbo la njano, mapezi marefu yenye ncha za bluu. Jina lake la kitaalamu ulimi wangu umelikataa. Mimi namwita kipono, maana ukimtazama vizuri ni ndugu wa mbali wa pono, na kwa usingizi wanafanana. Jioni ikiingia huyu wangu anatumbukia mchangani, anajifukia, analala. Nilikaa naye miezi mitatu, mimi na yeye, kila magharibi. Nilikuwa namweleza habari za biashara. Msikilizaji mzuri sana.

Sasa wiki mbili zilizopita simu ikaingia. Mjomba Kondo, mdogo wake mama mkwe, ndiye mwenye sauti kwenye ukoo ule. Akasema Jumapili watakuja watatu, yeye, dada yake na mke wangu. Watakaa, watatazama kama mtu amebadilika. Wakiridhika wataondoka wawili. Wasiporidhika wataondoka watatu, na mimi nisisumbue tena kupiga simu za mguu.

Nilikata simu nikakaa chini, kwenye matofali mabichi. Kanzu yote ikaharibika. Sikujali.

Nikawaza, mtu mwenye akili anaonyeshaje kwamba amebadilika? Nikapata jawabu. Nitamnunulia kipono wangu mke. Waingie sebuleni wakute ndani ya kioo mume na mke wanaishi kwa amani. Mwenye kufahamu atafahamu.

Nikaenda kwa Rehema. Akanitolea jike. Jamani, kitu kimepauka! Pinki ya nguo iliyofuliwa na jiki, mapezi mafupi, hana ncha, hana bluu. Nikamuuliza nitamtambia nani na kitu kama hicho. Nikamwonyesha tangi la pembeni, mlikuwa na mwingine kama wangu kabisa, mwekundu kuliko wa kwangu, nikasema nipe huyo, ndiye bibi harusi.

Rehema akaanza, "Mzee wangu, huyo ni..."

"Binti," nikamkata, "mimi nimejenga nyumba nne bila mchoro."

Akanitazama. Akafunga mfuko wangu wa samaki. Lakini kwa wema wake akanifuata mpaka garini akanipa masharti. Alisema tangi langu ni dogo na yule wa kwanza ameshazoea kukaa peke yake, kwa hiyo anaona nyumba yote ni yake, mgeni yeyote atamwona mwizi. Niende kwanza nimweke mgeni kwenye kisanduku cha plastiki chenye matundu, humo humo tangini, waonane bila kugusana, nisimfungulie mpaka yeye Rehema aje amtazame. Na wavu wa juu nisiuondoe hata kidogo, maana samaki hawa wakikimbizwa hawana breki, wanaruka kama panzi.

Nikasema nimeelewa. Nilichoelewa ni kwamba anataka kuja kula chakula changu.

Leo ndiyo ilikuwa Jumapili yenyewe. Asubuhi nimepiga deki nyumba nzima kwa mkono wangu. Nimefukiza udi. Nimepika wali wa nazi, haukuungua sana. Kisha nikalitazama tangi langu, nikaona mambo mawili yananiharibia. La kwanza ni ule wavu juu, kama chandarua cha hospitali. Nikautoa. La pili ni yule bibi harusi kufungiwa kwenye kisanduku mbele ya wakwe, ingekuwa ishara mbaya. Nikamfungulia. Akatoka, akajificha nyuma ya jiwe. Nikasema ana haya, mke mwema.

Hapa niwaeleze kitu wale msiotoka kwetu. Mkwe wa kike kwetu ni moto, unauota kwa mbali. Hupeani naye mkono. Huli naye. Ukikutana naye njiani, unaingia kwenye majani apite. Kitu ukitaka kumwambia unakipitisha kwa mtu. Miaka ishirini na sita nimeoa kwa yule mama, hatujawahi kukaribiana kuliko upana wa jamvi, na ndiyo maana tunaheshimiana mpaka leo. Nasema mpaka leo, mpaka kama saa saba na robo hivi.

Gari nililowatumia likaingia. Akashuka mjomba Kondo na fimbo yake. Akashuka mama mkwe, kajitanda khanga mbili. Nikamwamkia kutoka mlangoni, macho chini, naye akaitikia akiwa ametazama mlimau. Vizuri kabisa. Halafu akashuka mke wangu.

Amepungua. Amevaa khanga nisiyoijua. Hilo liliniuma kuliko kupungua, kwamba kuna khanga imenunuliwa, imefuliwa, imeanza kuchakaa, na mimi sijui hata maandishi yake. Nilikuwa na maneno tele kooni. Yeye akasema, "Habari za hapa," kama bwana afya amekuja kukagua choo.

Nikasema nzuri.

Basi. Miezi saba nimejiandaa, nikasema nzuri.

Tukaingia sebuleni. Kiti kizuri kuliko vyote nilikuwa nimekisogeza karibu na tangi, ili mgeni wa heshima aone vizuri. Mama mkwe akakaa hapo. Mjomba kwenye kochi, mke wangu kwenye mkeka karibu na mlango, mahali pa mtu ambaye hajaamua. Mimi nikasimama upande wa pili wa tangi, mbali na moto, nikakohoa, nikaanza hotuba.

Ndugu zangu, nilizungumza. Nilieleza bei ya taa. Nilieleza pampu ilikotoka. Nilieleza kwamba kuanzia Maili Moja mpaka Mlandizi hakuna mwingine mwenye kitu hiki. Kwa pembeni nilimwona mke wangu anatazama mikono yake. Nikaona afadhali niende kwenye jambo lenyewe, nikasema kwamba humo ndani ya maji kuna mume na mke, kwamba mume alikaa peke yake siku nyingi akawa hana raha, na sasa mwenzake amekuja, tazameni wenyewe wanavyopokeana.

Na kweli, wakati huo huo yule wa zamani akatoka mbele ya jiwe. Akatandaza mapezi yote, akawaka, mpaka rangi nyingine sijawahi kuziona. Yule mgeni naye akatandaza. Wakasimama uso kwa uso wanatetemeka.

"Mapenzi hayo," nikasema.

Mjomba Kondo akasogea na fimbo yake, akainama mpaka kofia ikagusa kioo. Huyu mzee hajawahi kuona tangi la samaki maisha yake yote. Analima muhogo, anafuga kuku.

"Mkwe," akasema, "jike lipi?"

Nikamwonyesha yule mgeni, mwekundu zaidi.

"Yule mwenye mkia mrefu?"

"Huyo huyo, mjomba. Si unaona urembo?"

Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza jina la marehemu, "Kwani mkwe, kwenu mlipokuwa mnafuga, kati ya jogoo na tetea, nani alikuwa na mkia?"

Nikaona khanga ya mama mkwe inapanda polepole kufunika mdomo.

"Hawa ni majogoo wawili," mjomba akasema. "Tena wako kwenye kupigana."

Hakuwa ameimaliza hiyo sentensi. Yule wa zamani alimwendea mwenzake kama risasi. Wakazunguka jiwe mara ya kwanza. Wakazunguka mara ya pili. Mara ya tatu nikamwona mgeni anapanda kuelekea juu, na hapo ndipo nilipokumbuka wavu. Wavu ulikuwa jikoni, nimeufunikia wali.

Akaruka. Sikujua kitu kidogo hivyo kinaweza kwenda juu hivyo. Akapaa, akawaka kwenye mwanga wa dirisha, nikiri alikuwa mzuri sana, kisha akashuka kwenye mapaja ya mama mkwe, katikati ya mikunjo ya khanga.

Sasa hapa mtu mwenye akili angefanyaje? Angemwita mke wake. Angemwita mjomba. Angeomba ruhusa. Mimi nilichowaza ni kitu kimoja, kwamba samaki huyu akifa mbele yao, mke wangu hakai. Miguu ikaondoka yenyewe. Nikalizunguka tangi, nikapiga magoti, nikatumbukiza mikono yote miwili.

Mikono yote miwili, jamani. Kwenye mapaja ya mkwe wangu.

Na samaki ana utelezi. Siyo kitu cha kushika mara moja. Nilipapasa. Nilikuwa nasema "samahani mama, samahani mama" na huku napapasa. Goti langu moja likawa limekanyaga mguu wake, ule ule uliouguzwa miezi saba. Mama mkwe hakupiga kelele. Alinyanyua mikono yake juu, yote, kama mtu aliyesimamishwa na polisi, akatazama dari.

Mwisho nikampata. Nikageuka nikamtupia tangini. Akaelea kidogo, nikadhani kafa, kisha akapiga mbizi, akazama kwenye mchanga, akajifukia mpaka jicho.

Nilimwonea wivu sana samaki yule.

Mikono yangu inadondosha maji kwenye zulia. Hatimaye mama mkwe akashusha yake, akapanga khanga, akasema bila kunitazama, "Kondo, muulize mkweo, alikuwa anatafuta samaki au anatafuta kuzikwa."

Mjomba akanigeukia na uso wake mkavu. "Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba. Mwambie samaki."

"Dada, anasema samaki."

"Mwambie nimesikia."

Mke wangu akainuka akatoka uani. Nikatoka nyuma yake, maana kubaki mle ndani nisingeweza. Nilimkuta amesimama kati ya safu mbili za matofali, amenipa mgongo, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Nikaanza kumwambia kwamba nitalivunja lile tangi leo hii, nitampeleka mama kwa daktari wa mguu aliye bora kuliko wote, nitanunua...

Akageuka. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka mpaka machozi, ameng'ata pindo la khanga sauti isifike ndani. Alipotulia akanitazama. Ninasema alinitazama, nilikuwa nimesahau inavyokuwa.

"Baba Salma," akasema, "kwa nini samaki?"

Hapo, ndugu zangu, nilikuwa na majibu makubwa kumi. Sijui yalikwenda wapi. Nikajikuta nimemwambia ukweli. Kwamba mwaka tuliooana tulikwenda Bagamoyo kuuza muhogo. Maji yalikuwa yamekupwa, tukapita kwenye miamba, na kwenye kidimbwi kimoja kulikuwa na visamaki vya rangi. Akachuchumaa. Akasema Mungu alikuwa na nafasi, kuchora vitu hivi kisha akavificha. Alitaka kukaa. Mimi nilikuwa na haraka ya wateja, nikamvuta mkono, tukaondoka. Muhogo wenyewe haukuisha siku ile. Na miezi hii saba, katika vitu vyote, nimekuwa nikikiona kile kidimbwi na mkono wake nilivyouvuta.

"Basi nikasema nikuletee kidimbwi," nikamaliza, "ukae unavyotaka."

Akaokota kipande cha tofali, akakiweka juu ya safu vizuri, kama kilikuwa cha maana. Akasema, "Haya ungesema ndani, badala ya bei ya taa."

Mjomba Kondo akatuita. Hukumu ilikuwa tayari. Akasema kwa mila, mtu aliyemshika mkwe wake, hata kwa sababu ya samaki, hawezi kuachiwa binti wa mkwe huyo siku hiyo hiyo. Anatakiwa aende mwenyewe mpaka Masaki, na doti ya khanga na jogoo, akae nje ya mlango, aombe radhi, apokelewe au asipokelewe. Halafu akaongeza kwamba amesema jogoo, na nikiwa na wasiwasi yupi ni jogoo, niulize mtu.

Kwa hiyo wameondoka watatu. Begi la mke wangu halikushuka hata kwenye gari. Wali wamekula, na mjomba ameomba uliobaki chini ya ule wavu ufungwe apeleke kwa wajukuu.

Gari lilipowashwa nikasogea dirisha la mke wangu. Mama mkwe akageukia upande mwingine, safari hii haraka kuliko kawaida.

"Huyo mmoja mrudishe kwa huyo binti wa samaki," mke wangu akasema. "Umwombe na msamaha, alitaka kukwambia. Lakini mwingine usichukue."

"Nisichukue jike?"

"Usichukue. Huyo nitakwenda kumchagua mimi."

Nikataka kusema kwamba majike yamepauka, hayana mapezi, nikajizuia. Nikauliza, "Wewe unapenda wa namna gani?"

Akanitazama kama mtu aliyesikia redio ya zamani imewaka yenyewe. Gari likaondoka kabla hajajibu.

Basi Jumamosi nakwenda Masaki. Khanga nimeshaagiza, jogoo niko naye hapa kibarazani, nimemhakikisha kwa majirani watatu. Naombeni msicheke kwanza. Nikirudi na mtu, tutacheka wote. Nikirudi na jogoo, nisitirini.